Dakika Tano za Mzee Vernon

Kabla ya kusema ukweli, Mzee Vernon Slagle alipakwa poda. Walimkalisha kwenye kiti katika ujia wa jengo la Bunge, Washington, wakamchomekea karatasi laini kwenye ukosi wa shati, na dada mmoja wa televisheni akampitishia brashi kwenye paji la uso, polepole, kama mtu anayepangusa saa ya ukutani aliyorithi. Mzee alifumba macho. Macho yenyewe yalibakiwa na nuru ya kumwonyesha tu mlango uko wapi.

"Kamera haipendi ngozi inayong'aa, mzee wangu," alisema yule dada.

"Na isipopenda maneno yangu?"

"Hayo tuna watu wengine wa kuyapaka."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nasoma.

Kazi yangu ni kumtunza Mzee. Huu mwaka wa tatu. Namkatia nyama, nampangia dawa, namsomea. Nasoma taratibu, maana kwetu mashambani msichana akimaliza darasa la nane hurudi kukamua ng'ombe. Lakini asomaye taratibu haruki neno. Na katika ile taarifa yake iliyopigwa chapa upya na ofisi ya Mheshimiwa Gentry, mwenyekiti wa kamati, niliona kuna neno limerukwa.

Taarifa naijua, kwa kuwa mimi ndiye niliyeiandika akinitajia. Februari ya mwaka 1977, katika kituo cha rada karibu na mpaka wa Kanada, vijana wawili walikuwa zamu: Vernon na Duane Pruett. Alfajiri, nukta ikatokea kwenye kioo cha rada mahali pasipopaswa kuwa na chochote. Duane akatoka nje kuangalia, akamwita mwenzake. Wakakiona kile kitu kimetulia juu ya theluji, bila mbawa wala sauti. Duane akaandika ripoti. Walipohojiwa na wakubwa, Vernon, ambaye mkewe alikuwa mjamzito na cheo kipya kilikuwa njiani, akasema hakuona kitu. Duane akatolewa jeshini na cheti kinachosema akili zake si timamu, na cheti hicho kikawa kinamtangulia kila mlango aliobisha. Aliishia kuendesha gari la kusukuma theluji barabarani, mpaka alipofariki miaka kumi na moja iliyopita.

Mjane wake, Arlene, anaishi Hagerstown, mji ulio mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Washington. Kila Desemba Mzee huniambia niandike anwani yake kwenye kadi ya Krismasi. Kila Januari kadi naikuta kwenye droo.

Basi kamati hii ilipotangaza kwamba inatafuta mashahidi wa vitu visivyojulikana angani, Mzee alifufuka. "Nitamtaja Duane mbele ya nchi nzima," aliniambia. "Jina lake liingie kwenye kumbukumbu za Bunge, kwamba alisema kweli."

Sasa jina halikuwemo. Mahali pake paliandikwa "mwenzangu mmoja."

Nikamwendea Brooke, msaidizi wa mwenyekiti, msichana wa rika langu aliyekuwa amevua viatu chini ya meza ili visigino vipumue.

"Dada Brooke, Duane Pruett amekwenda wapi?"

Hakujifanya haelewi. "Nimempigania, Lovina. Lakini jina hilo linakuja na cheti cha wazimu. Wapinzani wakilidaka, jioni tunaitwa kikao cha vichaa."

"Mzee ameletwa hapa na hicho hicho cheti."

"Najua." Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Jimboni kwetu kiwanda cha karatasi kimefungwa. Bosi ana uchaguzi Novemba na hana hata daraja alilojenga la kuonyesha. Lakini akisema serikali inaficha kitu, watu wanamwamini, maana wamefichwa mengi kweli. Wewe unajua simu ninazopokea? Hili ndilo jambo la kwanza mwaka huu ambalo watu wananipigia bila kunitukana."

Nilitaka kumchukia, chuki ikagoma kuja. Nikarudi kwa Mzee, nikamweleza.

"Karatasi ni yao," akasema. "Mdomo ni wangu. Hata hivyo hiyo karatasi siioni."

Ukumbi ulijaa. Juu ya meza ya mashahidi kulikuwa na taa ndogo: kijani useme, njano umalizie, nyekundu unyamaze. Kila mmoja dakika tano. Taa ilipowaka kijani Mzee alianza vizuri, sauti imara, nami nikiwa kiti cha nyuma yake nikiitazama shingo yake.

"Alfajiri ile nilikuwa zamu na..."

Akasita. Kamera zililia kama mvua ya mawe juu ya bati.

"...na mwenzangu mmoja."

Hakuna aliyemziba mdomo. Taa ilikuwa bado kijani.

Baada ya hapo waheshimiwa wakapewa dakika zao za kuuliza. Wengi walihutubia dakika nne, wakauliza kwa nusu dakika, wakainuka kwenda zao mara kamera ilipowaacha. Mmoja wa upande wa pili alitaka kujua kwa nini tunajadili nyota wakati hospitali za vijijini zinafungwa, na nikaona ana haki. Lakini hata yeye aliuuliza ukuta wa kamera, si mwenyekiti. Mwisho Mheshimiwa Gentry akainama kwenye kipaza sauti chake.

"Mzee Slagle, ndiyo au hapana. Ukweli huu ulifichwa?"

"Ulifichwa, mheshimiwa. Mimi ndiye niliyeuficha."

Taa nyekundu. "Tunakushukuru kwa ushujaa wako," akasema mwenyekiti, akagonga nyundo.

Tulipofika ujiani, televisheni ya ukutani ilikuwa tayari inamwonyesha. Chini ya kidevu chake waliandika: SHAHIDI: ULIFICHWA. Sauti ilikatwa hapo hapo. Brooke akaja mbio, uso umechanua. Saa kumi na mbili Mzee anatakiwa studio, gari linasubiri.

"Arlene huangalia televisheni?" Mzee akaniuliza mimi.

"Nani haangalii, Mzee?"

Akaegemea ukuta. "Nimemkana mara ya pili, Lovina. Mara ya kwanza walinitisha. Leo nani kanitisha?" Akajifuta poda kwenye paji la uso. "Miaka yote najiambia, serikali ikifungua kabati lake, nami nitafungua langu. Kumbe nilikuwa napenda tu lifungwe."

"Mzee, ni watazamaji milioni nne," Brooke akasema taratibu.

"Hao milioni nne sijawakosea."

Brooke aliitazama simu yake, halafu akamtazama yeye. "Tokeni mlango wa chini, ule wa mizigo. Nitasema presha imepanda."

"Imepanda kweli," Mzee akasema.

Hagerstown tulifika kwa teksi, jua likiwa bado kali. Njia nzima Mzee hakuigusa sandwichi niliyomfungia. Arlene alitokea kabla hatujabisha, mwanamke mrefu, akasimama nyuma ya mlango wa wavu. Televisheni ilikuwa ikisema ndani.

"'Mwenzangu mmoja,'" alisema.

Mzee akavua kofia. "Hilo ndilo lililonileta."

"Kuomba radhi?"

"Kusema. Duane alikiona, na mimi nilikiona. Tulisimama bega kwa bega."

Mwanamke aliusogelea wavu.

"Kilikuwa na rangi gani?"

"Nini?"

"Hicho kitu. Duane aliniambia rangi yake. Haya, sema wewe."

Nilidhani anamtega. Ndipo nilipoviona vidole vyake juu ya fremu ya mlango, vimekaza hadi vimepauka, nikatambua kwamba hamtegi, anaogopa.

"Maziwa," Mzee akasema. "Maziwa yaliyotolewa malai. Ule weupe unaotaka kuwa buluu."

Arlene aliingia ndani, televisheni ikanyamaza, akarudi.

"Miaka thelathini na sita," akasema. "Akianza tu habari hiyo, mimi nilikuwa naongeza sauti ya redio."

Akasukuma mlango. Nikamshika Mzee kiwiko, nikamketisha kwenye kiti cha barazani, na Arlene akavuta kingine, karibu sana, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Anza mwanzo. Usiruke kitu."

Mzee aliipokezanisha kofia yake mkono huu na huu.

"Duane Pruett alikuwa amekaa kushoto kwangu," akasema. "Alikuwa amevaa soksi jozi mbili, na bado analalamika baridi."

"Tatu," Arlene akasema.