Kalorsta ya Motokari ya Patron

Motokari ilikohoa, ikanyamaza. Kasonde dereva akavuta starteri, kile kishikio cha kuongezea motere baridi petroli, mpaka mwisho, akazungusha ufunguo tena, betri ikalia kwa uchovu. Baridi ya mwezi wa saba Lubumbashi haina huruma, lakini jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni, maana patron alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba yake ya mtaa wa Karavia, na koti lake, anatazama.

Mwishowe ile Peugeot ikashika. Ikatapika moshi mweusi, harufu ya petroli, esansi tunavyoiita, ikajaa uani kote.

Patron huyo, Citoyen Numbi, mkuu wa idara kwenye kampuni ya serikali ya shaba, hakupanda. Alikuja mpaka dirishani.

"Kasonde, garaje balipima yote. Tangi haivuje. Karibureta iko muzuri. Bujii balibadilisha. Sasa esansi inaenda wapi?"

"Motokari njo inakunywa, patron. Minaapa mbele ya Mungu."

"Esansi banauza mu chupa kule Naviundu, kila muntu anajua. Kesho tunaenda Likasi, weye na mie. Mie mwenyewe nitajaza, mie mwenyewe nitashika ufunguo ya tangi. Tuone kama itakunywa vile niko ndani. Isipokunywa, unarudisha nyumba ya kampuni, na polisi banakukamata."

Akapanda nyuma, akafunga vifungo vya koti. "Na hii shofaji yako inapuliza baridi tu. Bule kabisa!"

Mwizi. Patron hakulitamka neno lenyewe, lakini kwenye kambi ya wafanyakazi lilikuwa limeshafika kabla yake. Majirani walishaacha kusalimia. Na Lucien, mtoto wake, jina la Kikristo ambalo Chama tawala kilikataza lakini nyumbani lilibaki, alirudi kutoka shule analia: wenzake walimwita mtoto wa mwizi. Hicho ndicho kilichomchoma Kasonde kuliko polisi na nyumba.

Alipomwacha patron ofisini, alirudi kambini kuosha motokari, na njia nzima lile neno la shofaji lilikuwa linamwasha kichwani. Akaweka mkono mbele ya tundu lake linalopaswa kupuliza joto. Baridi. Alipofika akafungua kapo, kile kifuniko cha motere, akaweka kiganja juu ya radiatere. Motere imevuka mji mzima, na radiatere vuguvugu, kama chai uliyoisahau mezani!

"Ayi, mama yangu," akasema peke yake. "Ni mie."

Madereva wetu wana imani moja ambayo hakuna padri aliyewafundisha: kalorsta ni kitu cha baridi ya Ulaya. Ni kale kamlango kadogo kanakozuia maji ya kupoza mpaka motere ipate moto. Jua la mwezi wa kumi likikaza na maji yakichemka njiani, wanakang'oa, wanaondoka wanapiga mluzi. Kwamba mwezi wa saba utakuja, nani anakumbuka? Kasonde naye alikang'oa kwa mikono yake, bila kumuuliza mtu, na akajiona fundi. Sasa motere haikuwa inapata moto. Bila starteri haikubali kwenda, na starteri ikivutwa njia nzima esansi inamiminika tu, bujii, zile plagi za moto, zinakuwa nyeusi, kesho yake asubuhi haitaki kuwaka. Mjinga we!

Alikikuta kile kidude kwenye kopo la misumari. Mkewe, Laurentine, alikuwa amebandika maji ya kusongea bukari, ugali wetu, juu ya mbabula la makaa. Kasonde akakitumbukiza.

"Baba Lucien! Mu sufuria yangu?"

"Nyamaza, angalia!"

Wakainama wote wawili. Maji yalipoanza kuchemka, kamlango kakafunguka polepole. Kalikuwa kazima. Kasonde akakaopoa kwa mwiko, akamweleza mkewe yote huku anakimbilia nje, akaanza kufungua boliti za mahali pake. Ilibaki moja tu Laurentine alipotoka na mwiko wake mkononi.

"Simama kwanza. Ukitengeneza leo, kesho patron anapanda, motokari haikunywe. Atasema nini?"

Kasonde akasimamisha spana.

"Atasema: mwizi aliona macho yangu, akaacha kuiba," Laurentine akasema.

Kumbe dawa yenyewe ndiyo ingempeleka jela. Akaketi chini, mikono imejaa mafuta.

"Nikiiacha vile, atatafuta nani aliitosha mu motere. Banaita sabotage, kuharibu mali ya serikali kwa kusudi, Mama Lucien. Bantu ya sabotage banarudi tena?"

"Mutoto yako banamuita namna gani ku masomo? Unasikia?" Akamnyooshea mwiko. "Mwambie patron. Weye mwenyewe, mbele ya yeye kutafuta."

Kasonde akarudisha boliti. Kalorsta akaifunga kwenye kitambaa, akaitia mfukoni.

Kesho yake walishika njia ya Likasi. Patron aliketi mbele safari hii, ufunguo wa tangi umo kwenye ngumi yake, macho kwenye mshale wa esansi. Mshale ukashuka. Ukashuka tena. Patron akagonga kioo cha mshale kwa kidole, kana kwamba unamdanganya. Kasonde akaona ile ngumi inalegea, na akajua: angeweza kunyamaza hapo, motokari ilikuwa imeshamtetea. Akasimamisha motokari kando ya njia, akafungua kapo.

"Patron, weka mukono hapa. Usiogope, haiko moto."

Patron akaweka kiganja juu ya radiatere. Akakiacha pale muda. Kasonde akafungua kitambaa, akaeleza, maneno yanagongana.

"Nani aliitosha?"

"Mie, patron. Mwezi ya kumi. Hakuna aliyenituma."

Lori likapita, vumbi likawafunika. Patron akatazama kile kidude, akamtazama dereva wake.

"Kumbe hauko mwizi," akasema polepole. Halafu akafoka: "Uko mujinga! Mujinga ya kwanza mu jimbo ya Shaba muzima!"

"Ndiyo, patron."

"Esansi ya serikali, yote ku bujinga!"

"Ndiyo, patron!" Na machozi yalikuwa yanamtoka.

Kasonde akaifunga kalorsta pale pale. Kabla ya Likasi, shofaji ikaanza kupuliza joto. Patron akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja. "Tokea kesho utaendesha lori ya mchanga," akasema. "Motokari yangu usiiguse tena."

Jioni, Laurentine alikuwa amesimama mlangoni. Majirani nao walikuwa uani kwao, wanajifanya wanachekecha unga.

"Balisema nini?"

"Balinitosha ku motokari ya patron." Kasonde akawatazama majirani. "Balisema mie mujinga."

Laurentine akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha akapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika, akawageukia majirani.

"Mulisikia bote? Bwana yangu iko mujinga! Mwende museme ku batoto yenu: Baba Lucien iko mujinga!"