Tangi la Nyumba ya Ufaransa

“Angelina, hili tangi la nini?”

Bwana Trevor aliniuliza hivyo asubuhi moja akikagua ramani niliyomchorea, uso wake umejaa kwenye kioo cha kompyuta yangu pale Miyuji, Dodoma. Nilimshangaa. Nyumba ya mama mjane kusini mwa Ufaransa, paa pana namna ile, halafu mtu mzima anauliza tangi la nini! Mimi nimekulia Mkonze. Mvua ikishaaga mwezi wa nne, hatuioni tena mpaka Desemba.

“La kukingia mvua. Huyo mama bustani atamwagilia na nini?”

Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. “Haya, liache.”

Tulifanya kazi hivyo miaka saba. Yeye, msanifu majengo wa Kiingereza, alibuni nyumba za watu wa Ufaransa na Uhispania. Mimi nikazichorea ramani. Tulijuana alipokuja Dodoma kusimamia ujenzi wa zahanati. Umri wake ni wa baba yangu, na nilimpenda hivyo hivyo. Kila asubuhi aliisubiri shikamoo yangu, kisha akaitikia “Marahaba!” kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Uingereza ilipopiga kura kutoka Umoja wa Ulaya, habari ile niliisikia redioni nikichambua karanga, nikaona hainihusu ndewe wala sikio. Kumbe ilikuwa njiani kuja kwangu, ikatembea taratibu miaka kadhaa. Zamani muhuri wa Bwana Trevor wa kuidhinisha ramani ulikubalika nchi zote za umoja. Waingereza walipotoka kweli, kila nchi ikamtaka aombe kibali upya, apeleke vyeti, asubiri. Naye alikuwa na miaka sitini na tisa. Wateja hawakusubiri, wakaenda kwa wasanifu wa kwao, ambao wana wachoraji wao.

“Kazi imekwisha, Angelina,” aliniambia, na siku hiyo hakunitazama usoni. “Ramani ya yule mama nimemkabidhi Mfaransa. Ataweka muhuri wake, na atabadilisha apendavyo.”

Nilikuwa na binti kidato cha pili, na mteja mwingine sikuwa naye. Lakini nitasema kweli: kilichoniuma kwanza ni tangi langu.

Shangazi Ruthu alikuja kutoka Mkonze na kifuko cha mlenda mkavu, akanikuta nimejifungia ndani.

“Kwani hao Wazungu wamegombana?”

“Wameachana, shangazi.”

“Ehee! Wameachana wao, wewe ndiye unayekaa eda?”

Nilicheka huku machozi yananitoka. Jioni ile nilikula mlenda wake mpaka nikalamba vidole, na wiki iliyofuata nikaanza kuchora nyumba za majirani: vyumba vitatu, sebule, baraza, na tangi. Binti yangu hakukosa shule.

Miaka miwili baadaye picha ikaingia kwenye simu. Bwana Trevor alikuwa amealikwa chai kwenye ile nyumba. Ukutani pana kibao chenye jina la Mfaransa; jina la Bwana Trevor halipo, wala langu. Lakini nyuma, pale pale nilipolichora, tangi limesimama, na yule mama ameinama anajaza ndoo ya bustani.

Chini ya picha Bwana Trevor aliandika neno moja: Shikamoo.

Mkubwa hamwamkii mdogo hivyo, na yeye alilijua hilo vizuri. Nilifuta macho, nikamwitikia.