Jina la Kumpa Mwenye Kalamu

Moyo wa Mama Aziza ulichoka kabla ya miguu yake. Akitoka kitandani hadi mlangoni, anakaa. Bingwa wa moyo Kindu hakuna. Waliomngojea aje na ndege, wengine waliitwa wakiwa wamekwisha kuzikwa. Sasa kliniki moja ya mtaa wa Kasuku imeleta kioo kama cha televisheni: dokta yuko Kinshasa, anakuona, anakuuliza, anakuandikia dawa. Kungoja ni wiki tatu tu.

Mumewe Mbaraka, dereva wa treni aliyestaafu, ndiye aliyekwenda kumwandikisha, akaharibu. Wakati wa vita, kaka yake Abedi alitoa jina la kweli kwa watu walioandika listi, wakisema wanagawa chumvi. Asubuhi listi ile ile ikasomwa mlangoni kwake, na Abedi hakurudi. Tangu hapo Mbaraka hampi mwenye kalamu jina la kweli. Muuguzi Falone alipouliza, ulimi ulijijibia: "Nathalie, wa Pangi." Akarudi kwake Alunguli, ng'ambo ya mto, akasahau, kama mtu anavyosahau chafya.

Siku ikafika, wakavuka mto Lualaba. Ukumbini watu walikaa na hofu zao, Mbaraka akawachangamsha kwa hadithi za treni: kiboko kalala relini kule Kibombo, yeye kapiga honi mpaka kiboko akaomba tikiti.

"Nathalie wa Pangi," Falone akaita.

"Na alilipa?" jirani aliuliza.

"Daraja la pili, ndugu yangu. La kwanza mulango ulikuwa mwembamba."

"Nathalie?"

"Huyo mama ameolewa njiani," Mbaraka akasema. Wakacheka, hata Aziza, akishika kifua. Falone aliita mara ya tatu, kisha akaita mwingine.

Adhuhuri walibaki wawili. Falone alikuwa anafunika kioo.

"Baba, munangoja nani?"

Mbaraka alifungua mdomo amtaje mkewe, ndipo akakumbuka jina alilolitoa.

"Nathalie... njo huyu," akamwonyesha mkewe.

"Mama, jina lako nani?"

"Aziza."

Falone aliketi. "Dokta iko na miji kumi, baba. Amekwisha kwenda kwa wengine. Na watu wamesikia habari ya kioo, listi imejaa. Mutangoja miezi mine."

Aziza hakugomba. Alitafuta pumzi, akamgeukia mumewe.

"Uliogopa watanichukua?"

"Ndiyo."

"Muandike Aziza," alimwambia Falone.

Kalamu ikaanza kutembea. Mkono wa Mbaraka ukanyooka wenyewe kuikamata. Aziza akaushusha, akaushika magotini pake. Vidole vya Aziza vilikuwa vya baridi, na kucha zilikuwa za buluu.