Mtaalamu wa Nakala

Usiku wa jana nililala na beji ya mkutano shingoni, nikaota mkutano wenyewe umeshaanza na mimi nimechelewa.

Ni mkutano wa watumiaji wa Banda, ile programu huria ya kutengenezea tovuti: haina mwenyewe, haiuzwi, na kila mtu anailalamikia. Ukumbi uko Morogoro, lakini ngazi zake zinaanzia sebuleni kwetu Pangani. Sikuona ajabu. Nikapanda.

Mlangoni beji yangu ikajisoma kwa sauti, wote wakasikia: "Hemedi Shekuwe. Mtaalamu wa Nakala. Saa tatu atazungumzia mada: Usilale Bila Nakala ya Tovuti Yako."

Hapa niseme ukweli. Mada hiyo nimeshaitoa katika miji minne na watu hupiga makofi. Lakini tovuti yangu mwenyewe, Jungu la Shangazi, sijaiwekea nakala ya akiba hata moja tangu niifungue. Mganga hajigangi. Humo mna mapishi mia mbili na kumi na manne aliyonitajia marehemu shangazi yangu Mwanahawa, kwa kichwa, akiwa kitandani mwaka wake wa mwisho, na sauti yake nikairekodi. Hayapo mahali pengine popote. Kila siku nasema kesho.

Nikakaa kwenye kiti, nikaanguka. Kilikuwa na miguu mitatu.

"Mimi ni toleo la majaribio," kiti kikasema, bila hata kuniomba radhi. "Nimetolewa kama nilivyo, bila dhamana yoyote."

Nikaenda kulalamika kwa mwenyekiti wa mkutano, Ndugu Kisanga. Akanishukuru sana kwa mchango wangu, akanikabidhi nyundo na misumari minne. Ndio utaratibu wa watu wa programu huria: anayeona kasoro ndiye fundi wake. Nikatupa macho ukumbini, nikaona watu wengi wamekaa upandeupande kwenye viti vibovu, wamejinyamazia. Hao ndio wazoefu.

Nilipomaliza kugonga misumari, nikakuta kiti cha jirani amekaa mgeni. Ni Kitufe cha Sasisha, kile cha buluu unachobonyeza ili tovuti ipate toleo jipya. Kimevaa tai.

"Miaka mitatu," kikaniambia. "Kila asubuhi unanipita, hata salamu hunipi."

Nikakiambia nilikuwa na shughuli nyingi.

"Unaniogopa. Sema tu."

Kilisema kweli. Ukisasisha tovuti isiyo na nakala, ikivunjika ndiyo imekwisha. Nikajikausha, nikajifanya natafuta kalamu.

Mara wakaingia wageni arobaini na saba, kila mmoja na sahani mkononi, wakidai wamekuja na mimi. Ni plagini zangu, vile vidude vya nyongeza nilivyovipachika kwenye tovuti mwaka hadi mwaka. Nikamuuliza wa mbele kazi yake hasa ni ipi.

"Nadondosha theluji kwenye ukurasa kila Desemba."

"Pangani theluji ya nini?"

"Wewe ndiye uliyenipachika," akajibu, akaenda kupanga foleni ya pilau.

Ndugu Kisanga anashika kipaza sauti. Anatangaza kwamba wajumbe, baada ya miezi minane ya kubishana kwenye kikundi, wameazimia hakuna tena kuonyesha mambo kwenye tovuti ya mfano. Kila mzungumzaji ataonyesha kwenye tovuti yake halisi. Kitufe kinasimama, kinaweka tai yake sawa, kinakuja kulala juu ya meza mbele yangu.

"Bila shaka nakala unayo," Ndugu Kisanga ananiuliza kwa adabu, kipaza sauti kakileta mdomoni mwangu.

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu. Lakini watu mia tatu wananitazama, beji inanitazama, na mimi ndiye Mtaalamu.

"Ninayo," nikasema.

Nikabonyeza.

Skrini ikawa nyeupe. Weupe ukashuka ukutani, ukapita juu ya zulia, ukanifika miguuni. Nikasikia sauti ya shangazi ikitaja vipimo vya tambi za sukari, ikakatika kabla hajamaliza kusema vikombe vingapi. Uchungu ule sijaupata tangu siku tuliyomzika.

Wajumbe wakapanga mstari kunisaidia, maana ni watu wema. Wa kwanza akauliza kama nimezima nikawasha. Wa pili akauliza kama nimefuta kache, yale mabaki ya kurasa za zamani yanayobaki kwenye kompyuta. Wa tatu akasema kwake yeye inafanya kazi vizuri tu, akarudi kukaa. Wa nne akanijulisha kwamba swali langu lilishajibiwa miaka saba iliyopita na mjadala umefungwa.

"Sina nakala," nikasema mwishowe. "Nimewadanganya. Sijawahi kuwa nayo."

Kisha mkono mmoja ukanyooshwa kule nyuma, ukafuata wa pili, mpaka watu wote mia tatu wakawa wamenyoosha. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nakala ya tovuti yake, Ndugu Kisanga akiwemo.

"Sisi tulidhani," akasema taratibu, "wewe ndiye unayetuwekea."

Nilitaka kumjibu, lakini zulia lilikuwa limeshageuka sakafu ya jikoni. Niko mbele ya Bi Mwanamkuu, mama anayetupikia maandazi ya chai ya mkutano. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye karai. Anafunga maandazi kwa karatasi, na kila karatasi ni ukurasa wa Jungu la Shangazi. Nikamuuliza amezipata wapi.

"Bando langu huisha nikiwa katikati ya kukanda unga, ndipo nikaenda stesheneri nikachapisha yote. Leo nimeishiwa magazeti, basi ndizo hizi nawafungia wageni wako." Akafuta mikono kwenye kanga. "Mimi kompyuta siijui, mwanangu. Ila maneno ya marehemu hayawekwi mahali pamoja."

Akanipa ukurasa mmoja uliobaki, wa mkate wa kumimina. Nikaukunja, nikauchomeka nyuma ya beji.

"Nyingine wanazo wao," akasema. "Wahi kabla hawajafutia mikono."

Nikakimbia. Ukumbini watu mia tatu wameshamaliza kula na wanafuta vidole, kimoja kimoja, bila haraka.

Nikaamka. Saa kumi na mbili na robo asubuhi, chumba cha gesti, Morogoro. Nilifungua kompyuta hata taa sijawasha. Tovuti ikafunguka. Nilikaribia kulia. Nikabonyeza palipoandikwa Tengeneza Nakala, mara yangu ya kwanza maishani, nikakaa ukingoni mwa kitanda nikiisubiri.

Imekamilika, ikaandika. Mapishi 213.

Nikahesabu, nikarudia kuhesabu. Lililokosekana ni mkate wa kumimina.

Nikashika beji shingoni. Nyuma yake, ndani ya plastiki, palikuwa na karatasi iliyokunjwa, imelowa mafuta, inanukia iliki. Niliinakili kwa mkono mara mbili, kwenye daftari mbili tofauti, kabla hata ya kunawa uso.