Mistari ya Kioo cha Nyuma

Mtu akiniambia kwamba kioo cha gari lake kinahitaji kupashwa moto, hapa Maganzo kwenye jua hili, mimi namshuku palepale. Nilimshuku Marcel tangu siku ya kwanza alipokuja kumposa Justa, binti wa kaka yangu Bujiku, na wala sikuona haya.

Marcel alikuwa fundi umeme wa magari mjini Shinyanga. Gari lake, Pijo kuukuu, alilinunua kwa mzungu mmoja mpima miamba, aliyehangaika na dhahabu upande wa Bugarama mpaka akachoka, akarudi kwao kwenye theluji. Kioo cha nyuma kilikuwa na mistari myembamba ya rangi ya kutu, imelala kutoka upande huu mpaka upande ule. Maganzo nzima ikapata jibu: mistari ile inanusa almasi. Gari likipita karibu na mtu mwenye jiwe, taa inawaka ndani, na kesho yake askari wako mlangoni. Hapa kwetu ukisema jiwe umesema almasi. Mengine yote ni kokoto. Basi wachimbaji walipoiona Pijo inakuja, walipotelea mahindini.

Nami nilikuwa na langu la kuogopa. Shimo alilochimba kaka lilikuwa letu sisi wawili. Yeye alitoa mikono. Mimi nilitoa ng'ombe alioniachia marehemu mume wangu, nikawauza mmoja mmoja ili vibarua wapate kula. Huo ulikuwa msimu wa pili, na kila jioni kaka alirudi akitikisa kichwa: "Bado, dada. Kokoto tupu." Nilimwamini. Nani asingemwamini mtu aliyenyonya naye titi moja? Askari wangekuja kulifukia shimo lile kwa ajili ya fundi na mistari yake, mimi na wanangu tungebaki na zizi tupu.

"Shangazi, ile mistari ni ya kukausha ukungu tu," Justa aliniambia.

"Na wewe umejuaje?" nikamuuliza. Akachukua ndoo akaenda kuchota maji, kwa hiyo nikamshuku na yeye.

Siku ya kuja kuzungumza mahari mvua ilinyesha tangu alfajiri. Marcel alifika na mshenga wake, Mzee Nassibu, muuza vitenge wa mjini. Mzee aliingia ndani. Marcel akabaki nyuma, ameinama kwenye tairi. Nikamwendea.

"Unaficha nini hapo?"

"Shikamoo, shangazi. Naweka jiwe tairini. Breki ya mkono haishiki vizuri."

"Marahaba. Na hii mistari?"

Hakukasirika, jambo ambalo pia sikulipenda. "Ni nyaya za joto, shangazi. Mvua kama hii kioo kinaingia ukungu, huoni nyuma. Mzungu aliacha kidude cha kuliwasha gari ukiwa mbali, lakini kilikuwa kinawasha injini tu. Kioo ilibidi uingie ubonyeze swichi. Sasa nimeviunganisha." Akafungua boneti, akanionyesha kikopo kidogo cheusi. "Hii ni rilei. Kioo kinakula umeme mwingi. Ningeuchukua kwenye waya mwembamba wa kidude, ungeungua. Kwa hiyo nimevuta waya mnene kutoka kwenye betri, nikaupitisha kwenye fyuzi, ukaja hapa. Kidude kinaiamuru rilei, rilei inakifungulia kioo umeme. Na haifungui mpaka injini iwake kwanza, maana betri ingekufa."

Gari la kujiwasha lenyewe! Nilimtazama yule kijana. Mtu mwema ana haraka gani ya kuona nyuma yake kabla hata hajakaa kwenye usukani? Huyo ama anafuatwa, ama anafuata watu. Nikamwambia hivyo hivyo. Akacheka. Mimi sikucheka.

Ndani, kaka alikuwa kwenye kigoda, mgongo ukutani, kopo lake la ugoro kalifumbata mkononi. Mzee Nassibu alianza maneno yake matamu ya ushenga, lakini kaka alimkatiza.

"Binti yangu simpi mtu wa usalama. Gari lenu linapeleleza watu, Maganzo yote inajua."

"Baba, msiwe na wasiwasi," Marcel akasema. "Tazameni wenyewe kazi ya kile kioo." Akatoa mfukoni kidude chenye antena fupi, akakielekeza mlangoni, akabonyeza.

Uani hapakuwa na mtu. Injini ikakohoa, ikanguruma. Kuku wakatawanyika. Mzee Nassibu aliruka kutoka kitini: "Jamani, linaondoka hilo!"

Marcel akainua mkono kuwatuliza. "Msiogope! Jiwe lipo!"

Wote walikimbilia mlangoni kuona. Mimi nilibaki, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwa kaka. Aliposikia lile neno jiwe, uso ulimbadilika rangi. Alifungua kopo, akalimimina lote kinywani, akameza. Ugoro wa kaka ni wa pua. Wanaoutia mdomoni huwacheka, anasema wanajitafunia uchafu. Nikaliona koromeo lake likipanda, likikwama, likishuka kwa taabu na machozi.

Huko nje walikuwa wanashangilia. Ukungu ulikuwa unatoka kwenye kioo, kwanza juu ya ile mistari, kisha katikati yake, mpaka viti vya gari vikaonekana vyote, vitupu.

"Kaka, umemeza nini?"

"Ugoro. Nimeshtuka, mayu, dada yangu."

"Unga haukwami kooni."

Akatazama chini. Nilimjua tangu utotoni. Akitazama chini, shauri limekwisha.

"Nilitaka kukuambia," akasema. "Baada ya harusi."

"Jiwe ulilipata lini?"

"Wakati wa kuvuna pamba."

Tangu pamba nilikuwa nimeuza ng'ombe wengine, na yeye ndiye aliyenisindikiza mnadani kuwaswaga. Niliumia, sitaki kudanganya. Niliumia kuliko siku ya kumzika mume wangu, maana mume wangu hakunidanganya kwamba anapumua. Nilikuwa nimemshuku mgeni, nimemshuku mtoto Justa, nimeshuku hata kioo. Kikulacho ki nguoni mwako, na wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda.

Sikupiga kelele. Nilitoka, nikamwambia Mzee Nassibu kwamba posa imekubaliwa, na kwamba baba wa binti ameshikwa na tumbo. Nikamtuma Justa apike mlenda mwingi, achume na mapapai yaliyoiva, vya kumlainisha baba yake tumbo. Kisha nikaenda banda la zana, nikachukua chekeche la kuchekechea mchanga wa shimo, nikaingia nalo ndani na kumwekea kaka magotini.

"Kuchimba umekwishachimba," nikamwambia. "Sasa utachekecha."