Mgonjwa Mmoja, Mluguru Mmoja

Masika ya mwaka jana gari la ghala lilipinduka kwenye kona za Kinole, ndani mna magunia ya karafuu na watu wawili: dereva Ahmadi na Hatibu, mtunza ghala. Wote wawili waliumia vichwa. Wote walilazwa, wakashonwa, wakarudi kazini kwenye ghala la Mafiga baada ya miezi minne. Kuanzia hapo mambo yao yakawa mbalimbali.

Ahmadi akisinzia mchana kwenye benchi, meneja Mansuri husema, "Mwacheni, kichwa bado hakijapona." Hatibu akisahau kufunga mlango, Mansuri huyohuyo hupiga makofi na kucheka: "Waluguru bwana! Mkishashiba ndizi, akili inalala!" Mansuri na Ahmadi ni Wanyamwezi wa Tabora, Hatibu ni Mluguru, na hao ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikutukana unacheka, kisha nawe unamtukana. Ukinuna, umejiaibisha mwenyewe.

Lakini jamani, Hatibu hakuwa hivyo! Kabla ya ajali alikuwa akinusa gunia tu anakwambia limetoka shamba la nani. Sasa anasimama katikati ya ghala, amesahau alichofuata, jasho linamtoka. Na tusifichane, ule utani alijificha ndani yake. Akisema kichwa hakifanyi kazi, nani atamwachia chizi funguo? Basi kila akikosea, alijiwahi: "Sisi Waluguru ndivyo tulivyo, mtani wangu." Watu wakacheka, siku ikapita.

"Unajimaliza, baba Raya," mkewe Chausiku alimwambia. "Mbona Ahmadi kasema anaumwa na hajafukuzwa?"

"Ahmadi ana mtu wake pale. Mimi nina nani?"



Kiangazi kilipofika, Mansuri akatangaza kwamba watu wanapunguzwa, wazembe kwanza. Atakayebakizwa kwa kazi nyepesi ni yule tu aliyeharibiwa na ajali. Hatibu hakulala. Asubuhi akachukua cheti cha hospitali alichokuwa amekificha chini ya godoro, akaingia nacho ofisini.

Mansuri alikisoma mara mbili. "Kuumia uliumia, mtani, wodini nilikuja mwenyewe. Lakini wakubwa wanataka niandike kama umebadilika." Akamwita Rehema, anayechambua viungo ghalani mwaka wa sita sasa. "Rehema, huyu bwana ajali imembadilisha?"

Rehema akamtazama Hatibu kwa huruma. Masikini, alidhani anamtetea. "Hapana bosi! Mzima kabisa, hana ugonjwa wowote. Ni huo Uluguru wake tu, si mwenyewe husema?"

"Na Ahmadi?"

"Ah, Ahmadi mgonjwa yule. Kila mtu anajua."

Hatibu akaisogelea meza. Leo atasema yote, liwalo na liwe. "Sikilizeni. Mimi nilikuwa naijua hii... nilikuwa naijua hii..." Neno likamkatalia. Karafuu ilinukia ofisi nzima, ilinukia mpaka kwenye shati lake, na jina la hiyo karafuu halikuja. Akanyoosha kidole kuelekea ghalani, mdomo wazi.

Mansuri akaangua kicheko. Rehema naye akashindwa kujizuia. "Mtani wee, utanivunja mbavu!" Mansuri akamwambia.

Wallahi hapakuwa na ubaya katika kicheko kile, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Akilia, watasema kanuna kwa utani. Akipiga meza, watasema chizi, na chizi hapewi kazi, iwe nzito au nyepesi. Akatafuta la tatu, hakuliona. Basi Hatibu akacheka nao, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Mansuri, huku bado anajifuta macho, akavuta karatasi na kuandika kwamba huyu ni mzima, hajabadilika hata kidogo, aende na wazembe.