Fuko wa Ghorofa ya Tatu

Jumanne moja ya Februari 1956, saa nne asubuhi, Winifred Tapsell alikuta vilima vitatu vya udongo mbichi kwenye zulia la masjala, katika ofisi moja ya siri jijini London. Akavifagia, akarudi kwenye majalada yake.

Waingereza humwita fuko yule jasusi anayejichimbia ndani ya ofisi ya adui miaka nenda miaka rudi, akipanda vyeo huku akipitisha siri chini kwa chini. Pale ofisini neno hilo lilinong'onwa tu, na kila liliponong'onwa Bwana Peregrine Lascombe, naibu mkuu, alikohoa kidogo. Viganja vyake vilikuwa vimepanuka kama makoleo, na manyoya meusi laini yalimchomoza kwenye kola. Wenzake walimsogezea bakuli la sukari, maana macho yake yalikuwa yamefifia.

Kaka yake Winifred, Leonard, alikuwa Praha akiipelelezea ofisi hiyo kwa jina la bandia. Jalada lake lilikuwa limetoweka. Winifred akapiga magoti kando ya shimo lililobaki pale alipovifagia vile vilima, akachungulia. Mbali kule chini, ng'ambo ya bahari, aliona taa za mji mzima na theluji ikiuangukia taratibu, na mtu dirishani akisoma kwa sauti jina la Leonard. Lilikuwa jambo kubwa na zuri mno, hata kwa kitambo akasahau kuogopa.

Akamweleza mkuu, Bwana Hartnoll, akamsihi amwahi Leonard. Mkuu akaagiza mtega fuko kutoka Norfolk, mzee Jabez Cubitt. Mzee alinusa udongo, akaenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya Lascombe.

"Fuko wenu si huyu hapa, bwana mkubwa? Mnatafuta nini tena?"

"Haiwezekani," alisema mkuu. "Huyu nimesoma naye."

Cubitt akapewa chai, akasindikizwa. Zulia likabadilishwa, likatandikwa la kahawia.

Alhamisi Leonard aliita kutoka shimoni. Sauti yake haikuwa na pumzi, na Winifred akajua.

"Winnie, wamenipiga risasi alfajiri. Nani alinitaja?"

"Lascombe."

"Wakubwa wanajua?"

"Wanajua, kaka. Leo wanampa nishani."

Kule chini theluji iliendelea kuanguka. Winifred akafagia udongo haraka, kwa sababu wageni wa sherehe walikuwa wameanza kupanda ngazi.